Nilipokwenda Ujiji Mikono Mitupu

Kama umewahi kupita soko la Mwanga, hapa Kigoma, upande wa dagaa, huenda umeniona. Mimi ni yule mama mwenye sauti kubwa, anayebishana na mteja mpaka jasho limtoke, halafu akishampimia anamwongezea konzi mbili za bure. Sauti nimeirithi kwa baba. Ubishi nimeuokota hapo hapo sokoni. Zile konzi mbili ndizo zilizonipeleka kwa kocha, na kocha ndiye aliyenipeleka Ujiji kwa kaka yangu kwa njia ambayo sikuwahi kuipita.

Kwetu mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Hata ukitoka tu nyumbani, kwetu Rusimbi, kumsabahi jirani wa nyumba ya tatu, utabeba machungwa, au samaki wawili wa ziwani, migebuka, waliofungwa kwenye gazeti, au chupa ya mawese. Ni desturi njema na siipingi. Ila mimi niliizidisha. Kaka yangu wa Ujiji ndiye ndugu pekee wa tumbo moja niliyebaki naye, na nilipokwenda kwake sikuwa napanda bajaji, nilikuwa naipakia: dagaa wakavu, mawese, ndizi, mihogo, sabuni, biskuti za watoto. Madereva walikuwa wananiuliza kama nahama.

Nikifika getini watoto wa kaka wanatoka mbio, wakubwa kwa wadogo, wakipiga kelele kwamba shangazi kaja. Wanapokea mifuko kabla sijateremsha mguu wa pili, wanakimbia nayo ndani, na mimi nabaki namlipa dereva. Kisha naifuata mifuko yangu jikoni. Huko najifunga kanga kiunoni, nachukua kisu, naanza kupara samaki. Wifi yangu akiniambia nikapumzike sebuleni, namjibu kwamba sikuja kupumzika. Chakula nakula nimesimama, huku nakoroga kingine. Jua likianza kulegea natoka kwa mlango wa nyuma, mifuko mitupu nimeikunja kwapani, nawahi bajaji. Miaka ikaenda hivyo. Sebule ya kaka yangu niliijua kwa kuichungulia.

Ukiniuliza wakati huo kwa nini nafanya hivyo, ningekuambia ni upendo, na ningekukasirikia kwa kuuliza. Upendo ulikuwepo. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na kile kina umri mkubwa kuliko hata biashara yangu.

Mama yetu alifariki tukiwa wadogo. Kaka akabaki kwa baba, mimi mtoto wa kike nikachukuliwa na bibi, na bibi alipochoka nikawa wa kuzungushwa: mwaka kwa mama mdogo, mwaka kwa shangazi, kipindi fulani kwa ndugu ambao mpaka leo sijui undugu wetu unaunganikia wapi. Kila nilipohamishwa bibi alinifungia kifurushi. Dagaa, au unga, au kitenge kilichovuka ziwa kutoka Kongo. Ananikabidhi na kuniambia, "Mkono mtupu haulambwi, mjukuu wangu." Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananifungulia njia kwa vile alivyoweza. Lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye macho, na niliona nyuso za wenyeji zikichangamka pale kifurushi kilipotua. Nikajua kwa akili ya kitoto kwamba uso umechangamkia kifurushi.

Basi nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba siku moja nitabisha hodi mahali sina kitu, mlango utafunguliwa, mtu ataitazama mikono yangu, kisha ataniuliza nimefuata nini. Mwanamke mzima, mwenye kibanda sokoni na wateja wanaonijua kwa sauti, nilikuwa nahofia mlango wa kaka yangu mwenyewe. Nilihofia kwamba watoto wale wanaonikimbilia wanaukimbilia mfuko.

Kocha alikuja kama mteja. Binti wa hapa hapa Kigoma, aliyesoma na kufanya kazi Dar es Salaam kisha akarudi kumuuguza mama yake. Alisalimia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia marahaba, nikampimia dagaa wake, nikatupia konzi mbili. Akazitazama zikianguka kwenye mfuko, kisha akaniuliza kwa nini nimemwongezea kabla hajaomba.

Nikamwambia hiyo inaitwa nyongeza, kama huko Dar hawaijui.

"Wanaijua," akasema. "Lakini nyongeza huombwa, mama. Wewe umenipa kama mtu anayeomba radhi."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia asinifundishe biashara, nikamwongezea konzi ya tatu ili aondoke. Akaondoka anacheka. Jirani yangu wa meza ndiye aliyenieleza kwamba yule ni kocha wa maisha, ana chumba chake juu ya fundi cherehani, watu wanakwenda kuzungumza naye. Nikauliza kocha gani asiye na timu wala mpira. Jirani akasema hata yeye hajui, ila mtoto wa dada yake alikwenda pale hana hamu na lolote, na sasa anaimba akiosha vyombo.

Neno lile la kuomba radhi lilinikaa. Nikipima dagaa nalisikia, nikiongeza konzi nalisikia zaidi. Nilimchukia yule binti kwa muda, na chuki ilipoisha nilijikuta naulizia njia ya kwa fundi cherehani.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi na mfuko wa dagaa, chupa ya mawese na ndizi mbivu. Alinipokea mlangoni, akashukuru, akaomba mzigo ubaki chini kwa fundi mpaka tumalize. Chumba kilikuwa na viti viwili na dirisha. Meza hapana. Nikakaa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nina mikono, na kwamba sijui inawekwa wapi. Niliiweka mapajani ikawa kama ya mtu mwingine. Nikakung'uta kiti. Nikainuka kulinyoosha pazia lake, maana lilikuwa limekaa upande. Akaniacha mpaka nimemaliza pazia.

"Ukiwa huna kitu mkononi, mama, wewe ni nani?"

"Muuza dagaa."

"Dagaa wako chini kwa fundi."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikacheka. Nilicheka kwa ile sauti yangu ya sokoni mpaka fundi akasimamisha cherehani kusikiliza, na yule binti naye akacheka, na nadhani tulikubaliana pale pale ingawa hakuna aliyesema. Nikamwambia nitamlipa kwa dagaa. Akakataa, akasema nitalipa kama wengine wanavyolipa. Hilo nalo lilinitia uchungu kuliko nilivyotarajia.

Sasa nikueleze jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu mwanzoni nilidhani ananiibia. Hakunipa ushauri hata mmoja. Nikimuuliza nifanye nini, ananiuliza mimi ninaonaje. Nikimwambia kama ningejua nisingepanda ngazi zake, anatikisa kichwa kwa adabu na kusubiri. Ukimya wake ulikuwa mrefu. Mimi ukimya siuwezi, kwa hiyo niliujaza, na katika kuujaza ndipo yalipotoka mambo ya bibi na vifurushi. Hakusema pole. Aliuliza kama kile kifurushi kilikuwa kizito kwa mtoto wa umri ule. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Kilikuwa kizito sana.

Kila tukiachana alinipa zoezi. La kwanza lilikuwa la kitoto: nitoke nyumbani Rusimbi mpaka sokoni kwa miguu, bila kubeba kitu. Si kikapu, si mkoba, si mwavuli. Nikaona rahisi. Sikufika mbali. Jirani yangu, bibi wa Kiha anayeamka kabla ya majogoo, alinisalimia mwakeye, salamu yao ya asubuhi, kama kawaida, kisha akaitazama mikono yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Kwetu mwanamke wa umri wangu anayetembea asubuhi hana hata kikapu ni yule aliyeitiwa msiba akaacha kila kitu. Nilimwambia hakuna msiba. Hakuniamini. Kufika Mwanga nilikuwa nimepewa pole na watu watatu, nami nilizipokea zote, maana zoezi jingine lilikuwa kupokea ninachopewa, kusema asante, na kuishia hapo.

Hilo la kuishia hapo lilinitesa. Mtu akinisifia kitenge nilikuwa na tabia ya kumwambia ni cha zamani, kisha namtajia duka, kisha nataka kumpa. Kocha akasema nijaribu kusema asante tu. Ukijaribu utaona jinsi neno hilo linavyobaki peke yake hewani, halina wa kulishika mkono.

Likaja la nyongeza. Niongeze kwa anayeomba, basi. Wateja wangu wa siku nyingi walisimama na mifuko wazi wakisubiri konzi zao, na mimi nimesimama nikiwatazama. Mmoja akaniuliza nimeamkaje. Nikamwambia vizuri. Akasema, "Basi niongeze." Nikamwongeza, na nilimwongeza kwa raha, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeombwa na nilikuwa na uwezo wa kukataa. Na hakuna aliyehama meza yangu. Chema chajiuza, wahenga walisema, nami nilikuwa nauza dagaa wazuri muda wote huo kama mtu anayeuza mchanga.

Zoezi nililolipenda lilikuwa la ziwani. Siku za mbalamwezi wavuvi wetu hawatoki, kwa sababu dagaa hawazifuati taa maji yakiwa yamejaa mwanga, kwa hiyo wiki ile ya mwezi sokoni hakuna mali mpya na mimi huwa kama kuku aliyekosa pa kutaga. Nafua nguo safi. Nasugua sufuria zinazong'aa. Kocha akaniambia nitumie asubuhi moja ya siku hizo kukaa Kibirizi ufukweni, nisinunue wala nisiulize bei. Nikakaa juu ya mchanga ambao siku zote nimeujua kwa kuanikia. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa, wavuvi wanashona nyavu na kutaniana, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Nilijiangalia mikono. Ina makovu ya visu na magamba, na harufu yake haitoki hata kwa ndimu. Nikaiona ni mikono mizuri. Nilisema hivyo kwa sauti, na mvuvi mmoja aliyekuwa karibu akaitika kwamba ni kweli, mama, ni mizuri. Nikasema asante. Nikaishia hapo.

Nilirudi kwa kocha natamba. Hapo akaniletea lile zoezi nililokuwa nalikwepa kwa mazungumzo tangu mwanzo: niende Ujiji kwa kaka bila kubeba kitu.

Nilikwenda. Yaani, nilitoka nyumbani mikono mitupu, hilo ni kweli kabisa. Pochi nilibeba, nikajiambia pochi si mzigo. Ndani ya pochi kulikuwa na pakiti ya dagaa, ndogo tu, nikajiambia hiyo ni ya njiani. Na bajaji ilipoingia Ujiji, nikamwomba dereva asimame dukani mara moja. Niliposhuka nilikuwa na nia ya kununua maji ya kunywa. Niliporudi kwenye bajaji nilikuwa na mikate, sukari, sabuni na biskuti, na dereva akasaidia kupakia. Watoto wakapokea mifuko. Nikaifuata jikoni.

Kocha aliponiuliza, nilimwambia nimekwenda. Akauliza sebule ya kaka ina viti vya rangi gani. Nikaanza na pazia, kwa kuwa ndilo nililolijua, nikakwama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akaniuliza, "Mama, ulikwenda wewe, au ulituma mfuko?"

Nikacheka naye, na katikati ya kicheko nikaanza kulia. Nilimweleza yote sasa, pamoja na ule mlango na yule mtu wa kuniuliza nimefuata nini. Nikamwambia ninachotaka kukijua ni kimoja, nacho ndicho ninachokiogopa: kama pale kwa kaka wananipenda mimi. Nikamuuliza itakuwaje nikifika mtupu na wasinipokee.

"Utakuwa umejua," akasema. "Sasa hivi hujui, unabahatisha. Na unabahatisha vibaya tangu utotoni."

Nilikwenda wiki ya mbalamwezi iliyofuata, maana dagaa wakiwepo nisingejiamini. Nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikajitanda kanga. Pochi niliiacha kitandani. Nauli niliifunga kwenye pindo la kanga kama alivyofanya bibi. Dereva wa bajaji ananijua, akaangalia nyuma yangu akitafuta mizigo, akaniuliza kama tumsubiri mtu anayeileta. Nikamwambia twende.

Tulipokaribia lile duka nilitazama upande wa pili wa barabara. Mwenye duka aliniona hata hivyo, akapunga mkono, akauliza leo sinunui. Nikamjibu leo sinunui, na nikaona fahari ya ajabu, kama mtu aliyempita mbwa mkali bila kukimbia. Nilishuka kabla ya nyumba ya kaka ili nitembee kidogo nijikusanye. Mikono niliifunga nyuma, nikafanana na mwalimu mkuu. Nikaifunga mbele, nikaona niko kwenye sala. Mwisho nikaiacha ining'inie inavyotaka.

Watoto wakaniona. Wakatoka mbio, shangazi kaja, shangazi kaja, na walipofika wakasimama. Macho yao yakashuka kwenye mikono yangu, yakaenda nyuma yangu, yakarudi.

Mkubwa wao, mwenye adabu, akasema, "Shikamoo shangazi. Mzigo umebaki kwenye bajaji?"

"Marahaba. Hakuna mzigo. Nimekuja mimi."

Mmoja alipita pembeni yangu akaenda mpaka barabarani kuhakikisha. Akarudi, akawatikisia wenzake kichwa. Sikuwalaumu, watoto ni watoto, na mimi ndiye niliyewafundisha. Nilikuwa tena yule mtoto wa kuzungushwa, nimesimama kwenye uwanja wa watu, na safari hii bibi hajanifungia kitu. Niliwaza kugeuka. Duka halikuwa mbali.

Ndipo kitinda mimba wao, msichana ambaye hajaanza hata shule, akausogelea mkono wangu wa kulia. Akautazama ndani na nje. Akaingiza kidole chake kimoja, kisha vyote, akaushika.

"Njoo uone vifaranga," akasema, akanivuta.

Nilikuwa sijawahi kushikwa mkono na mtoto yeyote wa nyumba ile. Nilielewa pale pale, nikivutwa kuelekea uani: hawakuwa na pa kushika. Miaka yote hiyo nilifika nimejaa mikono yote miwili, kisha mikono ikaingia kwenye kisu na mwiko, kisha ikakunja mifuko ikaondoka. Furaha iliyonipata sijui niisemeje. Nilichuchumaa mbele ya tenga la vifaranga nikaambiwa yupi ni yupi na yupi ni mkorofi, na wale wengine wakaja mmoja mmoja, kila mtu na lake la kunionesha: jino lililong'oka, baiskeli isiyo na mnyororo, kidonda kilichopona. Walikuwa na mambo mengi ya kunionesha. Yalikuwa yamelimbikizana.

Wifi akatoka jikoni akanikuta pale chini. Akaiangalia mikono yangu, akajifuta yake haraka kwenye kanga. "Wifi, kwema?"

Nikamwambia kwema tupu, nimekuja kuwaona. Akasimama akinitazama kama aliyeambiwa treni imefika kabla ya saa yake. Kisha akaenda kumwita mume wake. Mimi, kwa mazoea, nikainuka nikaelekea jikoni, lakini yule mtoto hakuachia mkono na njia yake ilikuwa ya sebuleni. Nikamfuata. Viti ni vya kijani, nilimwambia kocha baadaye. Vya kijani, vina vitambaa vya kufuma, na kimoja kinabonyea.

Nilikaa kwenye kile kinachobonyea. Kaka akaingia, akakaa mbele yangu, akanitazama muda mrefu. Ana ukimya kama wa kocha, sijui alifundishwa na nani.

"Leo umekuja," akasema.

"Mbona huwa nakuja."

"Huwa unaleta vitu. Unaviweka, unafanya kazi, unaondoka. Anayekuja na mzigo kila mara akawahi kuondoka ni mgeni, dada yangu. Mimi nilidhani unanilipa. Nilikuwa namuuliza mke wangu, huyu ananilipa nini?"

Akasema alidhani sijamsamehe kwa sababu yeye alibaki kwa baba na mimi nikapelekwa. Alidhani kila mfuko nilioushusha pale ulikuwa unamwambia kwamba simhitaji. Mimi naogopa hanitaki, yeye anaogopa simtaki, na katikati yetu tumeweka rundo la dagaa.

Nikapandisha sauti, kwa sababu nilikuwa nakaribia kulia na sauti ndiyo kinga yangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema muda wote huo.

"Ningekusemeshea wapi? Huko jikoni kwenye moshi?"

Wifi alicheka kutoka mlangoni, nasi tukacheka, na watoto wakacheka bila kujua kwa nini. Chakula kililetwa nikiwa nimekaa. Ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, na nilikula kikiwa cha moto, jambo ambalo kwenye nyumba ile lilikuwa jipya. Wifi akaniongezea kipande cha samaki kabla sijaomba. Nikasema asante. Nikala. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na nilipowatazama kaka na mke wake wakinitazama nikila, niliona ni kweli wanapona.

Tulizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikafika getini. Mambo ya baba, mambo ya bibi, nani anafanana na nani. Nilipoaga, wifi akanizuia, akaingia ndani, akatoka na kikapu: parachichi, mihogo, chupa ya mawese. Mdomo ulikwisha kufunguka kusema hapana, baki navyo, ninavyo nyumbani. Nikaufunga. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Wakatoka wote kunisindikiza. Siku zote nilitoka kwa mlango wa nyuma, sikuwahi kusindikizwa. Tulipofika getini nikahisi vidole vidogo vinatafuta mkono wangu na kukuta kikapu. Yule mtoto alinitazama juu, kama mtu aliyefungiwa mlango. Nikasimama barabarani, nikaivua kanga, nikaizungusha ikawa ngata, nikajitwika kikapu kichwani kama tulivyofundishwa na bibi. Mkono ukawa huru. Akaushika.

Tukaenda taratibu mpaka njia kuu, watu wakitusalimia, kaka akiwaeleza wapita njia wasiouliza kwamba huyu ni dada yake. Bajaji ikaja, ya dereva yule yule wa asubuhi. Akasimama, akanitazama na kikapu changu kichwani, akaanza kusogeza kiti. Mtoto alikuwa bado ananisimulia habari za kifaranga mkorofi na alikuwa hajafika mwisho. Nikamwambia dereva atangulie, nitapanda inayofuata.